Mashine Yenye Viini Vingi Haitatufanyia Kazi Tusiyoipanga

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Munisagara, wilayani Kilosa.)



Ilipojulikana kwamba nitakuja hapa kuzungumza juu ya prosesa zenye viini vingi, yaani zile bongo za mashine kubwa za kompyuta ziendeshazo shughuli za Serikali na mashirika, wako walioniuliza: mambo hayo na Munisagara wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini mwenye kuliuliza hajatazama vizuri maisha ya mtumishi wa leo.

Mwalimu aliyeketi hapa mbele yangu huomba uhamisho wake kwa njia ya mtandao. Kazi yake hupimwa katika mfumo unaoitwa PEPMIS. Mwananchi anayetaka kulipia huduma ya Serikali hupewa kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo, inayotolewa na mfumo ulioanza kutumika mwaka 2017. Abiria wa treni ya umeme, iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hupata tiketi yake kwa mashine. Nyuma ya kila moja ya huduma hizo ipo seva, na ndani ya seva ipo prosesa. Basi sisi sote tumekwisha kufungamana na mashine hizo, tupende tusipende. Lililobaki ni kuamua kama tutafungamana nazo kama watu wanaojua, au kama abiria waliolala.

Nami nasema mapema kwamba mimi si mhandisi. Ni mwandishi wa habari. Nimekuja kueleza yale ambayo kila mtumishi wa umma anapaswa kuyaelewa kabla hajaambiwa kwamba tatizo la ofisi yake litamalizwa kwa kununua mashine kubwa zaidi.

Tuanze na mashine yenyewe. Prosesa ni kipande cha silikoni chenye swichi ndogo mno ziitwazo transista. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilipotoa prosesa yake ya kwanza iliyouzwa madukani, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Leo prosesa moja ya seva ina mabilioni mengi ya transista. Kwa zaidi ya miaka thelathini wenye viwanda waliongeza nguvu ya prosesa kwa njia mbili: kupunguza ukubwa wa transista, na kuiharakisha kasi ya mapigo yake. Prosesa ilikuwa na kiini kimoja tu cha kufanyia kazi, na kiini hicho kilifanya kazi moja baada ya nyingine, upesi kupita mwaka uliotangulia.

Njia hiyo ya pili ilikoma. Kadiri mapigo yalivyoongezwa, ndivyo joto lilivyozidi. Mwezi Oktoba 2004 kampuni ya Intel ilitangaza kuacha mpango wake wa kutoa prosesa ya Pentium 4 yenye kasi ya gigahezi 4. Haikuwa kwamba wahandisi wameishiwa na akili. Joto lilikuwa limeshinda. Dereva aliyepanda mlima na lori lililoelemewa anajua jambo hili: ukikanyaga mafuta bila kikomo, maji ya rejeta huchemka kabla hujafika juu.

Hapo ndipo dunia ilipogeukia viini vingi. Badala ya mfanyakazi mmoja anayekimbizwa hadi kuzimia, wakawekwa wafanyakazi wawili, wanne, wanane, kila mmoja akifanya kazi kwa mwendo wa wastani. Kampuni ya IBM ilikuwa imetangulia mwaka 2001 kwa kutoa prosesa ya seva yenye viini viwili, iitwayo POWER4. Mwaka 2005 kampuni ya AMD ikatoa Opteron yenye viini viwili, Intel ikafuata, na kampuni ya Sun Microsystems ikatoa prosesa yenye viini vinane. Kutoka hapo mwendo haukusimama. Mwaka 2017 AMD ilitoa prosesa ya seva iitwayo EPYC yenye viini 32. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ikatoa yenye viini 192, na Intel nayo mwaka huohuo ikatoa Xeon yenye viini 128. Leo seva moja, isiyozidi ukubwa wa sanduku la nguo, inaweza kubeba prosesa mbili za namna hiyo.

Manufaa ya mashine hizi ni makubwa, wala sikuja kuyabeza. Seva ya Serikali hufanya kazi ya namna inayofaa sana kugawanywa. Mwalimu wa Munisagara anapoomba likizo, na mwenzake wa Newala anapotazama hati ya mshahara, na mwananchi wa Bukoba anapolipia ankara, hizo ni kazi tatu zisizohusiana. Kila moja inaweza kupewa kiini chake, nazo zikaenda sambamba. Zaidi ya hayo, mashine moja yenye viini vingi inaweza kugawanywa kwa programu maalumu ikawa kama seva nyingi ndogo, kila ofisi ikapewa fungu lake. Zamani kila idara ilitaka kununua mashine yake, kuifungia chumba chake na kiyoyozi chake, na nyingi zikakaa bila kazi ya kutosha. Kutumia mashine kubwa kwa ushirika ni akili ileile iliyotufanya tuchimbe kisima kimoja cha kijiji badala ya kila mtu kuchimba shimo lake nyuma ya nyumba. Ndiyo maana kuanzishwa kwa Kituo cha Taifa cha kutunzia data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, na kuundwa kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa sheria ya mwaka 2019, ni hatua za maana.

Lakini, ndugu zangu, hapa ndipo panapohitaji kufikiri.

Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, mhandisi mmoja wa Marekani aitwaye Gene Amdahl alieleza jambo ambalo leo linaitwa kanuni yake. Nitalieleza kwa mfano wa walimu, maana wao watalielewa kuliko wahandisi. Chukua kazi ya mitihani ambayo mtu mmoja angeifanya kwa saa 100. Katika saa hizo, saa 90 ni za kusahihisha karatasi, nazo zinaweza kugawanywa. Saa 10 zilizobaki ni za kujumlisha alama na kupanga nafasi, na kazi hiyo lazima ifanywe na mtu mmoja baada ya usahihishaji kwisha. Tuwaweke walimu 9. Usahihishaji utachukua saa 10, kujumlisha saa 10, jumla saa 20. Kazi imekwenda upesi mara tano. Vema. Sasa tuwaweke walimu 90. Usahihishaji utachukua saa 1, lakini kujumlisha ni saa zilezile 10. Jumla saa 11. Tumeongeza walimu mara kumi, na upesi haukufika hata mara mbili ya ule wa kwanza. Leta walimu elfu moja, bado hutashuka chini ya saa 10.

Hiyo ndiyo kanuni ya viini vingi. Mashine hukwamishwa na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Na mimi naongeza kwamba kanuni hiyo haikomei ndani ya mashine, bali inatoka nje na kuingia ofisini. Ombi la mwalimu linaweza kupita ndani ya seva kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kisha linafika kwa ofisa mmoja anayepaswa kulikubali, naye yuko safarini, au amesahau neno lake la siri, au hajapenda tu kufungua mfumo wiki hiyo. Ombi linalala hapo siku 40. Tukinunua prosesa yenye viini 192 mahali pa ile yenye 32, ombi hilo litalala siku 40 zilezile, isipokuwa sasa litakuwa limelala juu ya mashine ya bei kubwa zaidi.

Mara ngapi mwananchi huambiwa dirishani kwamba mfumo uko chini? Siku nyingine ni kweli. Lakini siku nyingine mfumo uko juu kabisa, aliye chini ni mtumishi. Zamani urasimu ulijificha nyuma ya jalada lililopotea, na leo umepata maficho mapya nyuma ya kioo cha kompyuta. Hatuna budi kuufichua huko nako.

Kikwazo cha pili ni njia. Ninyi wa Munisagara hamhitaji mfano kutoka mbali. Reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914, ni ya njia moja. Treni mbili zinazotoka pande mbili hazipishani mahali popote ila stesheni, moja ikingoja pembeni mpaka nyingine ipite. Ukiongeza injini kumi bila kuongeza njia za kupishania, umeongeza idadi ya treni zinazongoja. Ndivyo ilivyo ndani ya seva. Viini havikai na data. Data hukaa katika kumbukumbu ya mashine, na huletwa kwa njia zenye upana maalumu. Viini vikizidi na njia zikabaki zilezile, viini vingi huketi vikingoja chakula. Ndiyo sababu wenye viwanda huongeza njia za kumbukumbu pamoja na viini: EPYC ya mwaka 2017 ilikuwa na njia 8 za kumbukumbu, na zile zilizotoka mwaka 2022 zina njia 12. Mnunuzi anayesoma idadi ya viini tu katika karatasi ya zabuni, asiulize kumbukumbu wala njia, ni sawa na mtu anayenunua injini bila kutazama reli.

Na njia haiishii ndani ya mashine. Inaendelea katika Mkonga wa Taifa, inafika wilayani, kisha kijijini. Mwalimu anayepanda kilima ili apate mtandao wa simu, ashike fomu yake kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, hawezi kuonja utamu wa viini 192 vilivyoko Dar es Salaam. Kwake yeye seva hiyo ina kiini kimoja, nacho kiko juu ya kilima.

Kikwazo cha tatu ni fedha. Hapa naomba watumishi wa idara za ununuzi na uhasibu wanisikilize kwa makini. Bei ya mashine siyo bei yote. Yako makampuni ya programu yanayotoza leseni kwa kuhesabu viini. Tangu mwaka 2012 Microsoft huuza leseni ya toleo kubwa la programu yake ya hifadhidata, SQL Server, kwa idadi ya viini, na tangu mwaka 2016 programu yake ya Windows Server nayo huhesabiwa hivyohivyo. Oracle nao huhesabu viini. Maana yake ni kwamba ofisi iliyohitaji viini 16, ikashawishiwa na mwuzaji kununua 64 kwa ajili ya fahari, inaweza kujikuta ikidaiwa leseni mara nne ya ile iliyohitajika. Na leseni hulipwa kwa fedha za kigeni, fedha zilezile tunazozitafuta kwa pamba, kahawa, korosho na dhahabu. Ongeza na umeme. Prosesa kubwa za mwaka 2024 zinaweza kula wati 500 kila moja, usiku na mchana, na joto lake lazima liondolewe kwa viyoyozi vinavyokula umeme mwingine. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa jasho la taifa ili kuzalisha megawati 2,115. Si haki umeme huo uwashe viini visivyo na kazi.

Wala hatukosi njia nyingine. Iko hifadhidata iitwayo PostgreSQL, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo mtu yeyote huitumia bila kulipa leseni, awe na kiini kimoja au elfu. Inachodai ni watu wanaoijua. Yaani inadai elimu mahali pa dola. Kwa taifa linalosema linajitegemea, sioni biashara iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa nirudi nyuma kidogo katika historia yetu, kwa sababu jambo hili si geni kwetu kama vijana wengi wanavyodhani. Kompyuta ya kwanza katika nchi hii ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa mashine iitwayo ICT 1500. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini mashine zilikuwa za kigeni, wataalamu walikuwa wa kigeni, na jaribio la kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta lilikwenda kombo. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya themanini.

Wako wanaoicheka hatua ile ya mwaka 1974. Mimi siicheki, wala siisifu. Swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa swali sahihi: mashine hii inamtumikia nani, nani anaijua, na nani anailipia? Jibu lililotolewa lilikuwa la kufunga mlango, na mlango uliofungwa uliwazuia pia vijana wetu wasijifunze. Kosa la wakati ule lilikuwa kuiogopa mashine kwa kuwa hatukuijua. Hatari ya wakati huu ni kuiabudu kwa sababu ileile. Mwoga na mwabudu ni ndugu wawili, na mama yao ni ujinga.

Liko jambo jingine ambalo bonde hili linaweza kulifundisha taifa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika. Kilosa ikaingiwa na maji, reli ikaharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni za abiria kutoka Dar es Salaam kwenda bara zikakatika kwa miezi. Sehemu fupi ya reli, katika bonde moja, iliwakwamisha watu wa Tabora, Kigoma na Mwanza. Tarehe 12 Mei 2024 mambo yaliyofanana na hayo yalitokea katika mawasiliano: mikonga ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipata hitilafu, na mtandao ukadhoofika katika Tanzania na nchi jirani. Fundisho ni lilelile. Tunapokusanya kazi za ofisi nyingi katika mashine chache zenye nguvu, tunapata unafuu, lakini tunajenga pia bonde la Mkondoa. Lazima iwepo mashine ya pili, mahali pengine mbali na ile ya kwanza, yenye nakala ya kila kitu, na ijaribiwe mara kwa mara kabla ya mafuriko. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Ndugu zangu, nini basi wajibu wetu?

Kwa watumishi wa utawala na ununuzi, wajibu ni kupima kabla ya kununua. Ofisi iandike kwanza kazi yake: watu wangapi huingia kwa saa moja, sehemu gani inachelewa, na kuchelewa huko kunatoka katika mashine, katika njia, au katika meza ya mtu. Mashine inunuliwe baada ya jibu hilo, isinunuliwe mahali pake. Na mtu mmoja asiwe ndiye mlango pekee wa ombi la maelfu. Kama yuko safarini, sheria na utaratibu vimruhusu mwingine kukubali.

Kwa walimu, wajibu ni mkubwa zaidi. Prosesa hizi hazitengenezwi hapa. Viwanda vinavyozifanya ni vichache duniani, na kilicho kikubwa kupita vyote kiko Taiwan. Hatutajenga kiwanda cha namna hiyo kesho. Lakini kuandika programu inayogawanya kazi vizuri katika viini vingi hakuhitaji kiwanda. Kunahitaji hesabu, mantiki na nidhamu ya akili. Mfano wa walimu 90 niliowapa unaweza kufundishwa darasa la saba kwa chaki na ubao, bila umeme. Mtoto atakayeelewa kwa nini walimu elfu moja hawashuki chini ya saa 10 amekwisha kuelewa jambo ambalo baadhi ya wanunuzi wa mashine za mamilioni hawajalielewa.

Na kwa Chama, wajibu ni kuuliza. Tumezoea kuuliza juu ya barabara iliyojengwa chini ya kiwango, na juu ya dawa zilizokosekana zahanati. Tuanze kuuliza pia juu ya seva: ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, inafanya kazi kwa kiasi gani, leseni yake ni kiasi gani kwa mwaka, na kijana gani wa Kitanzania anaweza kuitengeneza ikiharibika usiku wa manane. Maswali hayo si ya kitaalamu mno. Ni maswali ya mali ya umma.

Naomba nimalize. Viini vingi ni ushirika wa wafanyakazi wengi ndani ya kipande kidogo cha silikoni. Dunia iliufikia ushirika huo baada ya kuona kwamba mmoja hawezi kuongezewa mzigo bila mwisho. Sisi tuliambiwa siku nyingi kwamba umoja ni nguvu. Lakini umoja usio na mpango ni watu wengi waliosimama stesheni, kila mmoja na tiketi yake, wakingoja njia moja ifunguliwe. Tupange kazi, tufungue njia, tufundishe watoto, ndipo mashine itutumikie.

 Naomba sasa maswali yaanze, na nitafurahi kama la kwanza litatoka kwa mwalimu yule anayepanda kilima.